TUTAKWENDA KWA MWENDO WA WATOTO

Neno la kusoma: Mwanzo 33:12-14, Luka 2:41-52

 

Majira haya swali moja linaingia katika nyumba nyingi za hapa Lubumbashi. Masomo yamefungwa, baridi ya kiangazi imeshika, na nkambo kule Kasenga ameuliza kwa simu mara tatu: "Mnakuja lini?" Baba anahesabu feza ya njia. Mama amekwisha kuweka kando kitenge cha kumpelekea mama mkwe. Wadogo wanaota samaki wa Luapula. Lakini ndani ya nyumba kuna mmoja ambaye hasemi neno. Ni yule wa mwaka wa mwisho, finalisti wetu, aliyemaliza Exetat. Yeye anangoja matokeo.

Na matokeo ya Exetat mnayajua. Mtihani huu wa Serikali upo tangu 1967, na wazazi wengi wanaonisikiliza waliufanya. Lakini siku ya matokeo haiandikwi kwenye kalenda. Yanatoka jimbo kwa jimbo. Leo mnasikia jimbo fulani limetoka, kesho lingine, kisha jioni moja simu zinalia, redio inatangaza, na mtaa mzima unatoka nje.

Sasa familia ifanye nini? Iende kabla? Ingoje? Imwache kijana alinde nyumba? Wengine wataniuliza: Mchungaji, hilo nalo ni jambo la mahubiri? Ndiyo, wapendwa. Biblia inasimulia safari nyingi za familia, na Mungu anaangalia jinsi baba na mama wanavyotembea na watoto wao.

1. YAKOBO ALIZIJUA NGUVU ZA WATOTO WAKE

Yakobo anatoka kwa Labani baada ya miaka 20 ya kazi. Njiani anakutana na kaka yake Esau, anayekuja na watu 400. Wanakumbatiana, wanalia, wanapatana. Ndipo Esau, kwa furaha, anamwambia waondoke na kusafiri pamoja. Ni mwaliko mzuri, mwaliko wa ndugu. Lakini watu 400 wenye nguvu wanatembea haraka. Yakobo anamjibu kwamba watoto bado ni dhaifu, kuna na wanyama wenye kunyonyesha, na wakikimbizwa hata kwa siku moja, watakufa. Anamwomba kaka yake atangulie. Yeye atakuja pole pole, kwa mwendo wa wanyama na mwendo wa watoto.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, Yakobo hakusema, "Watoto wabaki, sisi wakubwa tutangulie." Alibadilisha mwendo wa msafara wote kwa ajili ya walio dhaifu. La pili, alimkatalia mkubwa wake kwa heshima. Alikuwa amekwisha kuinama mbele yake mara saba. Kwetu pia, kumwambia kaka mkubwa "tangulia, sisi tutafuata" si jambo jepesi. Shemeji amepanga tarehe ya ndoa. Mjomba anasema: "Huyo ni mkubwa sasa, abaki tu." Baba, inama mara saba ukipenda, lakini sema kama Yakobo: "Tangulieni. Mimi nina mtoto anayengoja matokeo. Nitakwenda kwa mwendo wake."

Maana yule kijana wa miaka 17 au 18, hata kama ndevu zimeanza kuota, siku hizi za kungoja yeye ndiye dhaifu katika msafara wako. Halali vizuri. Kila simu ikilia, moyo unashtuka. Usimkimbize.

2. HATARI YA KUDHANI

Twende kwa Luka 2. Yusufu na Maria walikuwa wazazi wazuri. Kila mwaka walipanda Yerusalemu kwa Pasaka. Yesu akiwa na miaka 12, walikwenda naye, na katika kurudi walitembea mwendo wa siku nzima bila kujua kwamba hayupo. Kwa nini? Walidhani. Walidhani yumo kati ya watu wa msafara, pamoja na ndugu na jirani.

Nasi tunadhani. "Ana simu. Shangazi yake anakaa karibu. Kanisa lipo." Kisha matokeo yanatoka na sisi tuko Kasenga.

Mnajua siku ile ilivyo katika miji yetu. Waliopata wanamwagiwa poda kutoka kichwani hadi miguuni. Firimbi, honi za pikipiki, nyimbo, wamama wanapiga vigelegele. Mimi sikemei furaha hiyo. Mtoto amesoma miaka mingi, mwache awe mweupe kwa poda siku moja! Lakini sikiliza kelele hizo kwa masikio ya yule aliyekosa, akiwa peke yake ndani ya nyumba. Kila firimbi inayopita mbele ya lango inamwambia: wewe hapana. Hakuna baba wa kumshika bega. Hakuna mama wa kumwambia kula. Wapendwa, adui wa roho zetu anaipenda sana saa hiyo. Sisi wachungaji tunaitwa usiku katika nyumba za namna hiyo. Kuna vijana waliokimbia nyumba bila mtu kujua wamelala wapi. Kuna waliotaka kuyakatisha maisha yao kwa sababu ya karatasi moja.

Na aliyepata naye, akiwa peke yake, ni nani atakayemmwagia poda? Atakwenda kushangilia kwa jirani kama mtoto asiye na wazazi.

Lakini Yusufu na Maria walifanya jambo moja jema: walipojua, waliuacha msafara wakarudi. Walitafuta mpaka wakampata, baada ya siku tatu. Kwa hiyo kama umekwisha kuondoka, na matokeo yametoka nyuma yako, mmoja wenu apande basi arudi. Feza hiyo ya njia haikupotea bure.

3. SAFARI ISIWE MSHAHARA WA POINTI

Kuna wazazi wanaosema: "Ukipata diplome, tutakwenda wote. Ukikosa, hakuna safari." Wanafikiri wanampa mtoto bidii. Lakini mtihani umekwisha! Makaratasi yamekwisha kukusanywa. Bidii ya leo haiongezi pointi hata moja. Neno hilo linaongeza woga tu. Na wadogo zake, ambao hawakufanya mtihani wowote, wanaadhibiwa pamoja naye, nao wataanza kumchukia ndugu yao.

Mungu Baba hakufanya hivyo. Someni Mathayo 3:17. Yesu anatoka majini Yordani, na sauti inatoka mbinguni kumshuhudia kwamba ni Mwana mpendwa na kwamba Baba amependezwa naye. Ilikuwa lini? Katika Injili hiyo, Yesu alikuwa hajahubiri bado, hajaponya mgonjwa hata mmoja. Upendo ulitangulia, kazi ikafuata. Basi baba, mama, mwambie mtoto wako leo, kabla matokeo hayajatoka, kwamba unampenda. Ukingoja mpaka atoke na asilimia 70, atafikiri umezipenda zile asilimia.

Na sisi kanisani tujiangalie. Jumapili baada ya matokeo tunawaita waliopata waje mbele watoe ushuhuda. Ni vema, Mungu apewe sifa. Lakini yule mwingine amekaa wapi? Naye alifunga. Naye alikuja kwenye kesha. Kalamu yake nayo iliombewa. Msimwulize ni dhambi gani iliyomzuia. Wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyo juu ya kipofu, katika Yohana 9, na Bwana aliwakatalia. Mkaribie, mshike mkono, kaa naye benchi moja.

4. BASI TUPANGE NAMNA GANI?

Kwanza, kaeni wote pamoja, na kijana mwenyewe awepo. Mwulize: "Siku ile ungependa kuwa wapi?" Wengine watasema: nyumbani, pamoja na wenzangu. Wengine watasema: mbali, kwa nkambo, nisizisikie firimbi. Majibu yote mawili ni mazuri. Shida ni pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Pili, usifunge tarehe kwa kufuli. Yakobo 4:13-15 inatufundisha kupanga kwa kusema, Bwana akipenda. Mwambie nkambo: "Tutakuja wiki moja baada ya matokeo, Mungu akipenda." Usilipe tiketi zote mapema kama hutaweza kuzibadilisha. Kama mlitaka kuwa kijijini tarehe 1 Agosti, Siku ya Wazazi, na matokeo bado, ifanyeni sikukuu hapa mlipo. Lakini kuna safari zisizongoja, kama kilio. Hapo, nendeni na kijana, au mzazi mmoja abaki naye. Asibaki peke yake.

Tatu, juu ya simu. Njiani na vijijini mtandao unakatika. Andikeni kodi yake ya mtihani kwenye karatasi, na mpatane ni nani atakayeangalia. Haifai mjomba ajue kabla ya mwenye mtihani, wala matokeo yasiwekwe kwenye WhatsApp ya familia kabla mwenyewe hajakubali. Na mtu akikupigia akisema anaweza kuongeza pointi kwa feza, kata simu. Huyo ni mwizi, na mtoto wa Mungu hanunui diplome.

Nne, juu ya feza. Wekeni bahasha mbili. Moja ya safari, moja ya Septemba. Akipata, kuna kuandikishwa chuo kikuu. Akikosa, kuna kurudia mwaka. Kwa vyovyote Septemba inakuja, na haitauliza kama mlikula samaki wazuri kwa nkambo. Msimalize yote kwa njia na kwa poda.

Tano, juu ya chakula. Mama, chagua leo chakula cha siku ile. Kama ni bukari na kuku, basi ni bukari na kuku. Akipata 75, kuku apikwe. Akikosa, kuku yule yule apikwe. Mtoto ajue kwamba sahani yake haikuwa ndani ya mtihani.

Mtauliza: na kama alikuwa mvivu? Kama alikuwa akishinda kwenye simu badala ya daftari? Mrekebishe. Biblia haikukataza kurudi mtoto. Lakini si siku ile. Ngoja wiki moja, machozi yakauke, kisha kaa naye mwongee ukweli wote. Neno la kweli likisemwa katika saa yake linajenga. Likisemwa mtoto akiwa chini, linamkanyaga.

5. KWENU VIJANA WETU

Katika msafara ule wa Yakobo uliotembea pole pole, alikuwamo mtoto mmoja mdogo, jina lake Yusufu. Akiwa na miaka 17, umri wa wengi wenu, ndugu zake walimtupa shimoni na kumwuza. Kama matokeo yangetangazwa jioni ile, jina lake lisingeonekana. Akiwa na miaka 30 alisimama mbele ya Farao. Na njaa ilipokuja, ni yeye aliyemlisha baba yake na wale ndugu zake. Yakobo alipopunguza mwendo kwa ajili ya watoto, hakujua kwamba anamlinda yule atakayempa chakula uzeeni.

Sisemi kwamba kila anayekosa atakuwa mkubwa wa serikali. Nasema kwamba Mungu hakumaliza kitabu cha Yusufu katika miaka 17, na hajamaliza chako. Asilimia 50 ni kipimo cha majibu uliyoandika siku zile. Haikupimi wewe. Ukikosa, unaweza kurudia mwaka, au kurudi katika mtihani kama mwotodidakti. Njia ipo. Usijifiche, usikimbie. Mwambie baba, mwambie mama, na kama unaogopa, njoo kwa mchungaji, tutakwenda kwao pamoja.

Nawe uliyepata, mshukuru Mungu, furahi. Kisha nawa poda hiyo, nenda ukabishe kwa rafiki yako aliyekosa. Usimhubirie. Keti naye tu.

TUOMBE

Baba yetu wa mbinguni, uliyetuongoza kwa uvumilivu bila kutukimbiza, tunaleta mbele zako vijana wetu wanaongoja. Walinde mioyo yao usiku. Utupe sisi wazazi hekima ya kupanga safari zetu, na unyenyekevu wa kuzibadilisha. Siku ile itakapofika, utukute karibu nao. Aliyepata asijivune, aliyekosa asikate tamaa, na nyumba zetu zibaki na amani yako. Katika Jina la Yesu Kristo.

Amina.