Uchaguzi wa Majimbo Kabla ya Uchaguzi Mkubwa

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kunena juu ya desturi moja ya Marekani. Huko watu hutazama uchaguzi wa majimbo kama mkulima atazamavyo mawingu, wapate kubashiri uchaguzi wa nchi nzima.

Hapo zamani jimbo lililotazamwa sana lilikuwa Maine, kule kaskazini kwenye baridi kali. Hadi mwaka 1958 watu wa Maine walimchagua gavana wao mwezi wa Septemba, na majimbo mengine yalingoja Novemba. Basi ukazuka msemo kwamba iendako Maine ndiko iendako nchi. Septemba 1936 Maine ikamchagua gavana wa chama cha Republican. Walakini Novemba ilipofika, Roosevelt wa chama cha Democrat alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Yaliyomkataa ni Maine na Vermont tu. Bwana Farley, aliyeongoza kampeni yake, akafanya mzaha kwamba kumbe iendako Maine ndiko iendako Vermont!

Siku hizi macho huelekea Virginia na New Jersey. Majimbo haya huchagua magavana mwaka mmoja baada ya Rais kuchaguliwa, na mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa Bunge, ambapo viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi hushindaniwa. Chama kilicho na wingi katika Baraza hilo chaweza kuizuia miswada ya Rais. Ndiyo sababu watu hawana subira.

Mara nyingine dalili husema kweli. Mwaka 2009, Obama akiwa Rais, Republican walishinda katika majimbo yote mawili, na mwaka 2010 wakaongeza viti 63. Mwaka 2017, Trump akiwa Rais, Democrat walishinda kote kuwili, na mwaka uliofuata wakalitwaa Baraza. Wala hapana uchawi. Aliyeshindwa ana uchungu, naye huamka mapema kwenda kupiga kura. Aliyeshinda ameshiba, hukaa nyumbani.

Lakini pana mtego. Tangu 1977 hadi 2025, Virginia ilimchagua gavana wa chama cha Rais mara moja tu, mwaka 2013. Jogoo awikaye kila saa hamwambii mtu kama kumekucha. Mwaka 1997, Clinton wa Democrat akiwa Rais, Bwana Gilmore wa Republican alishinda Virginia kwa kuahidi kuondoa kodi ya magari, na New Jersey pia ilibaki mikononi mwa chama chake. Mwaka 1998 Democrat ndio walioongeza viti 5. Mtu aliyechoshwa na kodi ya gari lake alikuwa hasemi neno juu ya Bunge.

Kwa maoni yangu, yafaa kuuliza ni kura ngapi zilizohama, kuliko kuuliza nani ameshinda. Mwaka 2020 Biden wa Democrat alitangulia Virginia kwa kura kama 10 katika kila mia. Mwaka 2021 Bwana Youngkin wa Republican akashinda huko kwa kura kama 2. Huko ni kuhama kukubwa, na wengi walitazamia gharika. Mwaka 2022 Republican walilipata Baraza kwa viti 222 dhidi ya 213, na katika Seneti wakapoteza kiti kimoja.