Fungueni kile chumba

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi na vijana wa mitaa, Goma, 18 Mei 2024



Leo ni tarehe 18 Mei. Tangu mwaka 1977, tarehe hii inaitwa Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, ile sisi tunaita mize. Najua kuko wenye wanajiuliza: huyu kijana ameona nini? Majuma mawili tu yamepita tangu bomu zianguke kwenye kambi za wakimbizi, Lac Vert na Mugunga. Watu wamezika watoto. Njia ya Rutshuru imefungwa, makala imepanda bei, na yeye anakuja kutuzungumuzia vinyago?

Swali hilo ni la haki. Nitalijibu, sitalikimbia. Lakini kwanza niwape kitu mushike mukononi.

Hiki ni kipande cha mti. Ni kidogo, sentimita 10 hivi. Nilichongewa na muzee mumoja anayetengeneza chukudu. Alinicheka sana, akasema tangu aanze kazi hajawahi kutengeneza kitu chepesi hivi. Mukipitishe, kila mutu akiangalie, ahesabu zile alama zimekatwa pembeni. Ziko mistari tatu. Kwenye mustari mumoja kuko 11, 13, 17, 19. Mujumlishe: 60. Kwenye mustari mwingine kuko 11, 21, 19, 9. Mujumlishe tena: 60. Na wa tatu kuko 3 na 6, kisha 4 na 8, kisha 10, 5, 5, 7. Jumla 48.

Hicho ni mufano tu. Chenyewe ni mufupa, na kwenye ncha yake kumeshikizwa kipande cha jiwe gumu linalong'aa. Kina umri wa miaka karibu 20 000. Kilipatikana mwaka 1950 na mutafiti Mubelgiji, Jean de Heinzelin, na hakukipata mbali. Alikipata Ishango, pale maji ya Ziwa Edward yanatoka na kuwa muto Semliki. Ishango iko ndani ya Virunga. Ishango ni Kivu ya Kaskazini. Ni kwetu.

Pale Ishango walipatikana pia mikuki midogo ya kuvulia samaki, imechongwa kwa mifupa, iko na meno pembeni. Walikuwa wavuvi, kama wale wa Vitshumbi na Kyavinyonge leo. Na kati yao alikuwa mutu aliyekaa akakata alama hizi moja moja. Wataalamu hawajakubaliana mupaka leo. Kuko wanasema ni muchezo wa hesabu: angalieni vile 3 inakuwa 6 na 4 inakuwa 8. Angalieni zile 11, 13, 17, 19: hazigawanyiki na namba ingine isipokuwa 1 na zenyewe. Kuko wanasema alikuwa anahesabu siku za mwezi. Kuko wengine wanasema, hapana, alama ni za kufanya mukono usiteleze. Mabishano hayo ni mazuri, yanafaa kufanyika kwenye kila darasa la hesabu la mukoa huu. Lakini mufupa uko Bruxelles, kwenye taasisi ya Ubelgiji ya elimu ya asili, ndani ya sanduku la kioo. Mutoto wa shule wa Bruxelles anaweza kwenda kuuona siku ya Jumatano na mwalimu wake. Mutoto wa Beni, wa Lubero, wa Goma, hata sanamu yake hajawahi kuiona.

Na mimi nilikuwa huyo mutoto. Nilisoma hapa Goma, shule ya musingi, sekondari, kisha chuo kikuu, miaka mitano ya historia. Nimemaliza, niko na lisanse, niko bila kazi kama wengi wenu hapa. Jina la Ishango nililisikia mara moja kwenye kozi, mustari mumoja, profesa akageuza ukurasa. Nataka niwaambie siku niliyoona haya juu ya jambo hilo.

Mwaka jana nilimusindikiza mujomba wangu Kampala, alikuwa anaenda kutafuta bidhaa. Siku moja alinipa ruhusa nikatembea. Nikapanda kilima cha Makerere kuangalia chuo ambacho wazee wetu walikuwa wanakitaja kwa heshima. Jengo lao kubwa liliungua usiku mumoja wa Septemba 2020, bado walikuwa wanalijenga upya. Nikatembea paka kwenye shule ya sanaa. Pale kuko chumba cha maonyesho, mulango uko wazi. Nilisimama inje kwanza, nikangojea mutu aniulize karatasi, aniulize nimetumwa na nani. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyeniomba pesa. Nikaingia na viatu vyangu vya vumbi.

Ndani kulikuwa picha za rangi na michongo ya wanafunzi. Mwanafunzi mumoja alinifuata, akanieleza bila haraka, Kiswahili chake kidogo na Kingereza changu kidogo. Akaniambia shule ile ilianza kwenye baraza ya nyumba ya mwalimu wao wa kwanza, mama Mwingereza Margaret Trowell, miaka ya 1930. Hapakuwa jengo. Alianzia barazani kwake. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Kwake walipita Gregory Maloba kutoka Kenya, ambaye alitengeneza sanamu ya uhuru iliyo katikati ya Kampala, ya mwaka 1962, na Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro, ambaye picha yake moja ilinunuliwa na makumbusho kubwa ya New York mwaka 1960. Hata Makumbusho ya taifa ya Uganda yalipokosa mahali, miaka ya 1940 yalihamia pale chuoni, yakakaa mupaka 1954 yalipopata nyumba yake kwenye kilima cha Kitante. Munasikia? Taifa lilikosa nyumba ya kuweka vitu vyake, chuo kikatoa vyumba.

Kisha yule mwanafunzi akaniuliza: «Wewe unatoka wapi?» Nikasema Goma. Macho yake yakafunguka. «Goma ya Kivu? Basi umeona mahali ule mufupa wa hesabu ulitoka!» Na mimi, mutu wa historia, miaka mitano, minervali imelipwa kwa jasho la mama, nilitikisa kichwa tu kama mutu anayejua. Nilimudanganya. Usiku ule nilikopa simu ya mujomba nikasoma juu ya Ishango paka betri ikaisha.

Nilipoteremuka kwenye basi narudi Goma, nilikuwa na wazo moja tu kichwani. Kile chumba.

Wale tuliosoma pamoja munakijua. Sitataja jina la chuo, sikuja hapa kuhukumu mutu. Kuko chumba mwishoni mwa korido, kofuli kubwa. Miaka mitano nilipita mbele yake. Nilikiona ndani mara moja tu, siku mugeni mukubwa alikuja kututembelea. Walipanguza vumbi, wakafungua. Kulikuwa mawe ya Nyiragongo na ya Nyamulagira, yamepangwa, mengine karatasi zao zimeanguka. Kulikuwa ngoma mbili, vikapu, kinu cha zamani, mikuki, vinyago kama kumi, ramani ya volkano iliyochorwa kwa mukono. Kulikuwa picha za Goma mbele ya 2002, mbele lava haijakula katikati ya muji na kanisa kubwa la Mutakatifu Yosefu. Mwenzangu aliona kwenye picha moja duka la babu yake. Akasogea, anataka kuangalia vizuri. Wakasema: muda umeisha. Mugeni akaenda, kofuli ikarudi. Tukauliza ufunguo uko wapi. «Uko na mukubwa.» Mukubwa gani? «Mukubwa.»

Sasa nirudi kwa swali la vita.

Ni kweli, mutu mwenye njaa hali kinyago. Sisi wa hii harakati tumetembea kwa ajili ya maji, kwa ajili ya usalama, tutaendelea. Sitaki mutu aondoke hapa akisema vijana wameacha mambo ya maana. Lakini muangalie vile watu wetu walikimbia. Mama wa Masisi aliyefika Bulengo alibeba mutoto, sufuria, na labda blanketi. Ngoma ya ukoo ilibaki. Kiti cha babu kilibaki. Kimeungua, au kimeuzwa, au kiko na mutu asiyejua ni cha nani. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilichukua nyumba na picha zote za harusi zilizokuwa ukutani. Tarehe 22 Mei 2021 tulikimbia tena usiku. Kila mara tunaanza upya, na kila mara tunaanza na vitu vichache zaidi vya kutuambia sisi ni nani. Kwa hiyo vita njo sababu ya kulifanya jambo hili sasa. Amani ikija tukiwa tumeshapoteza vyote, tutaweka nini ndani ya makumbusho? Viti?

Kuko pia wenye wanasema: tudai kwanza Ubelgiji irudishe. Nakubali tudai. Juni 2022 mufalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, Kakuungu. Alikileta kama mukopo usio na mwisho, siyo kama kitu kinachorudi kwa mwenyewe. Mwaka ule ule Ubelgiji ikapitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Kinshasa iko na Makumbusho ya Taifa mapya, yaliyofunguliwa 2019, yaliyojengwa kwa pesa za Korea Kusini. Ni vizuri. Lakini kutoka Goma mupaka Kinshasa ni ndege, na tikiti ya ndege munajua bei yake. Na siku watatuuliza «mukirudishiwa mutaweka wapi, nani ataangalia?», tutajibu nini, ikiwa vile viko hapa hapa, nyuma ya kofuli yetu wenyewe, iliyofungwa na Mukongomani mwenzetu, hatuvioni?

Hapo njo paliponiuma zaidi. Kwa sanduku la Bruxelles tunalaumu Mubelgiji. Kwa kofuli ya korido tutalaumu nani?

Kwa hiyo, mambo tunayoomba ni machache, na hakuna hata moja linalongojea pesa za wafadhili.

La kwanza, kila chuo cha Goma chenye chumba kama hicho kikifungue nusu ya siku kila juma, Jumamosi asubuhi. Kisifunguliwe kwa wanafunzi tu. Kifunguliwe kwa mwenye chukudu, kwa mama wa soko, kwa watoto wa kambi. Bila kulipa, bila kuulizwa karatasi.

La pili, orodha ya vitu ibandikwe mulangoni: kitu gani, kilitoka kijiji gani, kilitolewa na nani. Kama kilichukuliwa bila ruhusa ya familia, kiandikwe hivyo, na familia iitwe. Hatuwezi kuomba Wabelgiji wafanye jambo ambalo sisi hatufanyi.

La tatu, wakuu wa vyuo wa mukoa waandike barua moja kwa pamoja kwa taasisi ya Bruxelles, waombe mufano kamili wa mufupa wa Ishango kwa ajili ya wanafunzi wetu, na waulize wazi wazi mazungumuzo ya kurudisha wenyewe yataanza lini. Barua ni karatasi moja na muhuri. Tutafuatilia jibu.

La ine, wale waliomaliza masomo na wako nyumbani, kama mimi, tujitolee kuongoza wageni. Sitawadanganya kwamba hiyo ni kazi. Nimeacha barua za kuomba kazi kwenye milango mingi ya muji huu, najua tofauti kati ya kazi na kujitolea. Chuo kitulipie hata transipoti ya moto. Lakini hata kisipolipa, miezi mitatu ya kwanza mimi nitakuja kwa muguu. Nani mwingine atakuja? Nimeona mikono. Jina lako liandikwe kwa dada pale mulangoni mbele ya kutoka.

Na wasipofungua? Tarehe 15 Juni, Jumamosi, tutarudi na barua hii ikiwa na sahihi zetu. Tutakuja na mikono mitupu, bila jiwe, bila matusi, munajua desturi yetu. Tutakaa kwenye korido mbele ya kofuli. Kila mutu alete kitu kimoja kutoka kwao: kikapu, picha ya bibi, jembe la babu, jiwe la lava lililovunja jikoni yenu. Tutavipanga chini, tutaeleza wanaopita kila kitu kilitoka wapi. Shule ya Makerere ilianza barazani. Yetu inaweza kuanza kwenye korido.

Nimemaliza. Kile kipande cha mti kimefika wapi? Kiko na mama kule nyuma? Mama, musikirudishe bado. Mumalize kuhesabu.