Motokaa Ichemkapo Imesimama



Dereva atokaye Mombasa huweza kuvuka nyika ya Taru na kufika Nairobi bila ya shida yo yote, kisha motokaa yake ikachemka mjini, katika msongamano. Mara nyingi lawama huangukia rejeta. Hununuliwa mpya, na baada ya siku chache motokaa huchemka tena. Fedha zimekwenda, na ugonjwa haujajulikana.

Basi swali la kwanza ni hili: huchemka wakati gani? Ikiwa hupata joto inapokimbia au kupanda mlima, yapasa kutazama maji, pampu, themostati, na rejeta yenyewe kama imeziba. Lakini ikiwa huchemka isimamapo, na kupoa ipatapo mwendo, yafaa kuishuku feni. Motokaa iendapo kasi, upepo wa njiani hupita katika rejeta. Isimamapo, upepo huo hutoka katika feni peke yake. Na feni ya motokaa nyingi za leo huzungushwa na mota ya umeme, si mkanda wa injini.

Umeme huo hutoka katika betri, hupita fyuzi na rilei, huingia katika feni, na kurudi kwa waya uliofungwa katika bodi. Anayeamuru ni sensa ya joto, ambayo huipasha habari kompyuta ya injini. Fundi mwenye busara huifuata njia hii hatua kwa hatua, wala hanunui kitu kabla ya kukipima.

Kwanza, fyuzi. Ikiwa imeungua, iwekwe nyingine ya nguvu ile ile. Ikiungua tena, pana waya uliochubuka au mota iliyokwama. Kutia kipande cha waya mahali pa fyuzi si matengenezo. Ni kuiandalia motokaa moto.

Pili, injini ikiwa imezimwa, plagi ya feni ichomolewe, na feni ipewe umeme wa betri moja kwa moja, kwa waya wenye fyuzi. Isipozunguka, mota imekufa. Ikizunguka, ni nzima, na kosa litafutwe kwingine.

Tatu, rilei ibadilishwe kwa muda na nyingine ya namna ile ile iliyo katika sanduku la fyuzi. Kisha, injini ikiwa moto, plagi ya feni ipimwe kwa taa. Ikiwa umeme wafika na feni nzima haizunguki, huenda waya wa kwenye bodi umeshika kutu.

Mwisho ni sensa. Ukinzani wake hupungua joto lizidipo: nyingi huonyesha omu 2,500 hivi kwenye nyuzi 20 za sentigredi, na omu 300 hivi kwenye nyuzi 80. Iliyoharibika huweza kuiambia kompyuta kwamba injini ni baridi ilhali yaungua. Katika motokaa nyingi, plagi ya sensa ikichomolewa injini ikiwa inakwenda, kompyuta huwasha feni kwa usalama. Feni ikizunguka hapo, yenyewe, rilei na waya zake ni salama. Wa kushukiwa ni sensa.

Katika kazi hii yote, mikono ikae mbali na feni, kwa kuwa huweza kuanza ghafula hata injini ikiwa imezimwa. Wala kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla ya injini kupoa. Nairobi, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndani ya rejeta iliyofungwa huzidi 100 bila ya kuchemka, na kifuniko kikifunguliwa hugeuka mvuke mara moja na kumbabua aliye karibu.

Sindano ya joto ikipanda, dereva asimame kando na kuzima injini. Akiendelea, silinda hedi hupinda na gasketi huungua, na kosa la fyuzi ya shilingi chache hugeuka gharama ya injini nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.