Kinywa cha Asiyeweza Kusema

Somo: Mithali 31:1-9



Kwenye arusi na siku za akina mama hupenda kusoma Mithali sura ya 31 kuanzia mstari wa 10, habari za mke mwema. Ni neno zuri. Lakini mara nyingi twairuka mistari inayotangulia. Humo mama yake mfalme Lemueli anamwagiza mwanawe amsemee yeye asiyeweza kujisemea, na kumtetea maskini. Basi mafundisho hayo ya utawala yalitoka kwa mwanamke.

Leo tumkumbuke marehemu Mama Grace Onyango, aliyefariki mwaka wa 2023. Alisoma katika shule ya wasichana ya Ng'iya, iliyoanzishwa na wamisheni wa Kianglikana, akawa mwalimu. Mwaka wa 1965 akawa Meya wa Kisumu, mwanamke wa kwanza nchini kushika cheo hicho. Mwaka wa 1969 ulikuwa wa majonzi katika mji ule, kwa maana mwezi wa Oktoba watu walipigwa risasi wakafa. Mwezi wa Desemba mwaka uo huo watu wa Kisumu walimchagua, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuchaguliwa kuwa mbunge. Alitumika Bungeni hata 1983.

Mwezi wa Machi 1975 mbunge mwenzake, Bw. J. M. Kariuki, aliuawa. Zilikuwa siku za hofu. Bunge likachagua kamati ya kuchunguza kifo kile, na Mama Onyango alikuwa mmoja wao. Maiti haisemi, wapendwa. Ni lazima aliye hai aulize kwa niaba yake.

Hapa sisi wachungaji twahukumiwa. Tuliwahi kuitwa kusikiliza shauri la mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji yake. Shemeji yule alikuwa mtoaji mkubwa wa sadaka. Tulikunywa chai, tukaomba sala fupi, tukaenda zetu. Mjane alitusindikiza mpaka barabarani, asiseme neno. Ukimya wake umetufuata hata leo.

Cheo si kiti cha kupumzikia. Mzee wa kanisa, mama kiongozi wa Mothers' Union, chifu, mwalimu, kila mmoja amepewa kinywa kwa ajili ya mwingine. Wala tusiwaweke akina mama wapike chai huku shauri la mjane likikatwa na wanaume peke yao.

Juma hili, jiulize: ni nani katika mtaa wangu asiyesikiwa? Mwendee kabla ya Jumapili.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe ukimya wetu. Utupe ujasiri wa kumsemea mnyonge, kwa ajili yake Yesu aliyetusemea sisi mbele zako. Amina.