Vidole Vinapovimba: Maneno kwa Akina Mama wa Ahero



Sisi tunaopanda mpunga, vidole vikivimba twasema ni maji, au chira. Hata jina baridi yabisi latudanganya; baridi haihusiki. Ni askari wa mwili wamegeuka, wanapiga viungo vyetu wenyewe.

Ukiamka mikono yote miwili imevimba na kukakamaa saa nzima, na wiki 6 zimepita, usingoje. Vidonge vya maumivu hutuliza tu, huku kiungo kinazidi kuliwa. Twende hospitali ya rufaa Kisumu kabla vidole havijapinda.

Ukipewa methotrexate, kwa kawaida humezwa mara moja kwa WIKI. Kila siku yaweza kuua. Na kama una mimba au waitarajia, mwambie daktari kwanza. Dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni.