WATU WA VIJIJINI WALIOKWENDA VITANI
(Hotuba ya mfanyakazi wa reli katika mkutano wa wanachama, Kimbo)

Nimeambiwa niseme habari za askari waliotoka vijiji vidogo wakati wa vita. Elimu yangu ni ya shule ya misheni tu, basi nitasema kwa maneno mepesi. Wengi wetu hapa Kimbo tumetoka vijiji mbalimbali, lakini karibu kila kijiji kilitoa watu. Na mtu yule aliyekwenda vitani alikuwa mfanyakazi kama sisi.

Tuanze na vita vya 1914 mpaka 1918. Waingereza walipigana na Wajeremani katika Tanganyika. Njia za magari zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Basi mzigo ukawekwa juu ya kichwa cha mtu. Mwaka 1915 serikali ya Kenya ilitunga sheria ya kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917 wakachukuliwa wengi kupita mbele. Chifu aliambiwa atoe vijana, naye akawatoa. Jina la jeshi lao kwa Kiingereza watu walilitamka Kariakoo, na mpaka leo Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zinalo jina hilo.

Hawa hawakupewa bunduki. Walipewa mzigo. Mshahara wao ulipunguzwa mpaka rupia 5 kwa mwezi. Walikula unga usioiva, wakalala kwenye mvua. Waliouawa na risasi ni wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Hesabu ya Waingereza wenyewe ya wapagazi waliokufa ilipita 40,000, na waliochunguza baadaye wasema walizidi hapo.

Sasa sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Mpagazi alipokufa mshahara wake ulibaki. Lakini majina ya wengi yaliandikwa vibaya, au kijiji hakikuandikwa, na jamaa zao hawakupatikana. Fedha nyingi za marehemu hazikufika kwa wenyewe. Mama alingoja mtoto, hakumwona. Wala jasho lake hakuliona.

Na waliorudi je? Mwaka 1919 Wazungu waliotoka vitani waligawiwa mashamba. Mwafrika aliyebeba mizigo yao hakupata kipande cha shamba. Alipata kipande cha shingoni, chenye alama za vidole vyake, asije akamtoroka tajiri. Alipokufa jina lake lilipotea. Alipotakiwa kazini halikupotea!

Vikaja vita vya 1939. Watu kama 98,000 wa Kenya waliingia jeshini. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakapelekwa Madagascar mwaka 1942, na mwaka 1944 wakaingia misitu ya Burma kupigana na Wajapani. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi. Wakafa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa wa jeshi la mizinga la Afrika Mashariki.

Safari hii makaratasi yalikuwa bora kidogo. Askari aliweza kumkatia mkewe au mzee wake sehemu ya mshahara, wakaipokea kwa D.C. Wengine walijifunza kusoma, kuendesha lori na kutengeneza mitambo. Lakini kwa kazi ile ile mshahara wa Mwafrika haukuwa sawa na wa Mzungu, na vita vilipokwisha mashamba yakagawiwa tena kwa Wazungu.

Koplo Waruhiu Itote wa Nyeri alipigana Burma. Aliporudi aliajiriwa reli, kazi ya moto wa injini. Baadaye akaingia msituni, akajulikana kwa jina la Jenerali China. Bildad Kaggia naye alitoka jeshini akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Walikuwa wameona dunia, wakauliza: tulipigania nini?

Mwaka 1947, tarehe 13 Januari, wafanyakazi wapata 15,000 wa Mombasa, wa reli na wa bandarini pamoja, waliacha kazi kwa siku 12. Mshahara ukaongezwa. Askari mmoja mmoja alipewa nishani na ahsante. Waliosimama pamoja walipewa fedha. Tofauti ni hiyo.

Basi nawaomba mambo matatu. La kwanza, rudini kwa wazee wa kwenu. Ulizeni ni nani alikwenda na hakurudi. Andikeni majina hayo kwenye daftari pamoja na kijiji chake, na kama kuna barua au nishani sandukuni, zitunzwe. La pili, kila mwanachama aangalie leo katika karatasi za kazi na za akiba yake: jina lako limeandikwa sawa? Jina la mrithi wako lipo? Usiseme kesho. La tatu, karatasi ya mshahara usiitupe.

Mpagazi wa 1917 hakuwa na chama cha kumwuliza karani, "Jina la mtu wetu liko wapi?" Sisi tunacho. Tukitumie.