Jiwe Kwenye Foleni: Watanzania na Miaka ya Ukata



Mwaka 1983, kabla hakujapambazuka, mama alinituma duka la kaya nikaweke jiwe. Jiwe lile lilitushikia nafasi kwenye foleni ya sukari. Nilikuta mawe, makopo na vikapu vimejipanga gizani, kila kimoja na mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kukisogeza cha mwenzake. Hoja yangu ya leo imo katika jiwe lile: nchi inapoishiwa, watu hubebana kwa kuaminiana, na serikali huanza kuinuka siku inapoamua nayo kuwaamini.

Tulifikaje pale? Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, yakapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, bei ya kahawa ikashuka, na Vita ya Kagera dhidi ya Uganda ikala akiba yetu. Lakini tusimsingizie jirani kila kitu. Mwaka 1976 tulivunja vyama vya ushirika, tukamwachia mkulima mamlaka za mazao zilizomlipa kidogo, tena kwa kuchelewa. Akapunguza kulima mazao ya biashara. Fedha za kigeni zikakauka, vipuri vikakosekana, viwanda vikasimama.

Baada ya vita, Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda ikazidi kubana. Sabuni ilipoadimika tulifua kwa majani ya mpapai, na tukala unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Mshahara haukufika katikati ya mwezi, basi mwalimu akafuga kuku, karani akalima bustani, mkewe akakaanga maandazi. Miradi hiyo midogo ndiyo iliyosomesha wengi wa rika langu.

Mwaka huohuo wa 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwapo, na hasira ya wananchi ilikuwa ya haki. Lakini foleni hazikuisha, kwa sababu kumkamata mficha sukari hakuzalishi sukari. Kilichojaza maduka ni uamuzi wa 1984 wa kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikashushwa thamani. Bidhaa zikarudi, ila wenye mishahara wengi wakawa wanazitazama tu. Ruhusa ilifungua milango. Haikumjalia kila mtu nauli ya kufika mlangoni.

Wanafunzi wangu, kesho baadhi yenu mtapanga bajeti ya nchi hii. Dhiki ikija, msianze kwa kumshuku mama muuza maandazi. Muulizeni anaishije, kisha mwondoleeni vikwazo, na asiye na cha kuuza mumlinde. Siku ile ya jiwe, sukari iliisha kabla ya zamu yetu. Mama aliyekuwa mbele yetu alifungua kifuko chake, akatupimia kikombe kimoja. Hakuna aliyemwamuru.